Katani Kwenye Paipu ya Branice

Nanzala alihamia Wundanyi baada ya shule moja ya bweni kumpa kazi ya upishi. Mumewe, Sifuna, alibaki kule chini kwenye shamba la mkonge karibu na Mwatate, akawa anapanda mlima kila Jumamosi. Watoto walikwenda na mama: Branice aliyekuwa gredi ya sita, na Valentine aliyekuwa bado ananyonya.

Sifuna hakuupenda uhamisho huo. Branice alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, na daktari alishawaonya kwamba baridi huamsha maumivu ya ugonjwa huo. Nanzala alijibu kwamba kazi ya kudumu haipatikani kila siku, na kwamba atamkinga mtoto.

Akamkinga kweli. Nyuma ya nyumba palikuwa na pipa la maji juu ya jiko la kuni, na paipu ya chuma iliyozunguka ukuta wa nje hadi bafuni. Mwezi wa saba ukungu hauondoki Wundanyi hadi adhuhuri, na maji yaliyotoka pipani yakichemka yalifika bafuni yamepoa kabisa. Nanzala alimwomba mumewe amletee makapi ya katani kutoka kiwandani. Akaizungushia paipu katani nene, juu yake magunia, kisha nailoni, akafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Jioni hiyo Branice aliimba bafuni mpaka mama yake akamwambia atoke, wengine nao waoge.

Mvua ya upepo ilipokuja, nailoni ilichanika. Nanzala aliona magunia yakidondosha maji. Shuleni kulikuwa na wageni wiki hiyo, akajiambia ataifunga upya Jumamosi. Katani ikalowa yote, na maji ya bafuni yakawa baridi kuliko hata kabla ya kuifunga. Branice alioga hivyohivyo bila kusema neno, kwa sababu aliona jinsi mama alivyochoka.

Ijumaa asubuhi alishindwa kusimama. Alilia kwamba miguu na kifua vinavunjika. Hospitali iliwapa gari la wagonjwa kwenda Voi. Kabla hawajafika Mwatate, Branice aliacha kulia, na Nanzala, aliyekuwa amemshika, alijua kabla ya muuguzi kusema.

Baada ya mazishi kule kwao Bungoma, Sifuna alimwambia mkewe nyuma ya boma, bila kupaza sauti, "Nilikwambia huko juu kutamuua."

"Ulijua, na hukuja kumchukua," Nanzala akasema.

Hawakulizungumza tena. Nanzala aliacha kazi, akashuka kuishi na mumewe kwenye nyumba za wafanyakazi, mahali ambapo joto la mchana hulala ndani ya mabati. Walikula pamoja. Yeye hakuitwa tena Mama Branice. Sifuna hakumwita jina lolote.

Daktari alishauri Valentine apimwe damu. Sifuna alikataa, akasema hawezi kusikia jambo hilo mara ya pili. Nanzala alimfunga mtoto mgongoni, akaenda Voi peke yake.

Aliporudi, Sifuna alikuwa mlangoni akinoa panga la kukatia mkonge.

"Hana ugonjwa," Nanzala akamwambia. "Amerithi upande mmoja tu."

Sifuna aliweka panga chini, akaketi mavumbini. Alilia kwa mara ya kwanza tangu wamzike Branice, na Nanzala akaingia ndani kumnyonyesha mtoto.