Fundi Gharibu Ajazwa Maji

Ukoo wa Fundi Gharibu wa kisiwa cha Chovai haujapata kushusha baharini mashua inayovuja, na anayesema vinginevyo ana husuda. Mashua yao ikimalizika hujazwa maji ingali juu ya magogo, watu wakaizunguka kutafuta tone. Halikuonekana enzi za babu, halikuonekana enzi za baba.

Basi fikirini uso wake kule Kismayo, daktari Rawda alipomwambia, "Baba, vali ya moyo wako inavuja."

"Moyo wa nani?"

"Wako. Wengine vali huchakaa kwa uzee, wengine hulegea au nyuzi zake zikakatika. Yako imekakamaa na kujikunja. Utotoni uliwahi kuugua koo, kisha viungo vikavimba?"

Aliwahi. "Lakini kwetu hatuvuji, mwanangu," alisema, akavaa kofia yake.

Alipewa vidonge, akaonywa apunguze chumvi na maji. Yeye aliwaza jambo moja tu: fundi Zubeiri, jirani na mshindani wake, akisikia, nani tena atamletea Gharibu kazi?

Njia ya kupata ukweli aliijua. Aliporudi Chovai, vidonge akaviacha mfukoni, akajilaza kifua wazi juu ya magogo ya kazini, akamwamuru mkewe Mwanapili amnyweshe maji mtungi mzima, kisha amzunguke.

"Waona tone?"

"Naona mchu mzima na wazimu wake," alijibu Mwanapili kwa Kibajuni chao. "Na hili jasho je?"

"Jasho halimo hesabuni. Tazama chini ya mbavu!"

Palikuwa pakavu. Akafurahi, akarudia kila asubuhi ili awe na hakika, mpaka miguu ikamuumuka kama mahamri na pumzi ikampaa. Katika boti ya kumrudisha Kismayo, aliyempakata kichwa alikuwa Zubeiri.

"Inavujia ndani kwa ndani, baba," Rawda alieleza. "Ni mlango usiofunga. Damu ikishapita hurudi nyuma, na maji yamejaa mapafuni. Itabidi upasuliwe Nairobi, uwekewe mlango mpya."

Gharibu alimtupia jicho Zubeiri. "Aliyeuunda alikosea?"

"Hapana. Ulizaliwa nao mzima. Homa ya utotoni ndiyo iliyouharibu."

"Umesikia, Zubeiri? Ulishushwa mzima!"

"Nimesikia, na Chovai nitawaambia hivyo hivyo. Ila usilale tena juu ya magogo, ndugu yangu. Mteja wangu mmoja alishauliza bei yako."

Gharibu akacheka, akakohoa. "Basi nipelekeni Nairobi," alisema. "Kubadilisha mlango si aibu."