Mishi na Jina la Kirukanjia

Umewahi kumtukana mwanamke kwa jina la mnyama ambaye wewe mwenyewe hujawahi kumwona?

Hapa Mtongwe tunafanya hivyo kila siku. Kirukanjia ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu, na watu husema akikatiza njia hufa. Lakini mwanamke akiitwa kirukanjia, hakuna anayemfikiria mnyama. Wanamaanisha malaya.

Jirani yangu Mishi aliitwa hivyo mbele ya baraza zima la wanywa kahawa.

Mishi hupiga picha za arusi, upande wa wanawake, ambako mwanamume mwenye kamera hakanyagi. Ndiyo kazi inayomlisha yeye na mamake. Lakini moyo wake uko kwenye kichaka cha makaburi ya kale, nyuma ya nyumba zetu, ambako hakuna anayethubutu kukata mti. Humo anaishi sange, mnyama mdogo anayefanana na kirukanjia: miguu kama vijiti, pua isiyotulia hata akiwa amesimama. Sange husafisha vijia vyake, huondoa majani yaliyoanguka, kisha hupita humo mbio alfajiri. Kwa hiyo Mishi hutoka kabla ya jua, hulala kifudifudi kando ya kijia, na kungoja. Akirudi, buibui limejaa udongo na majani. Mwanamke asiye na mume, ametoka gizani, amerudi na majani! Mtaa ukajijazia yaliyobaki.

"Huyoo, kirukanjia," alisema mmoja pale barazani, kwa sauti ya kusikika.

Mishi alisimama. "Yupi? Kama ni yule wa karibu na kisima, nimempiga picha akivuka njia. Wala hakufa. Njoo nikuoneshe."

Watu walicheka hadi vikombe vikamwagika. Mimi nilicheka kuliko wote, nikidhani tumeshinda.

Jioni, nikiwa kwao, akaja mjomba wake Mishi, Faki. Hakukaa. Alimwambia Bi Jalila, mamake Mishi, kwamba mzaha hausafishi jina, na kwamba kuna wenye arusi ambao tayari wamekataa binti yake awapigie picha. Kuanzia sasa Mishi asitoke kabla ya jua kuchomoza. Mishi akamweleza kwa upole kwamba jua likishapanda sange haonekani, kwa hiyo kungoja jua ni sawa na kuacha. Basi aache, akajibu Faki.

Nilishindwa kunyamaza. Nilimtajia haki, nikamtajia katiba, nikamuuliza mbona wavuvi hutoka gizani na hakuna anayewapa majina. Nikasema tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe madalali hawalali, kichaka kile kitapimwa viwanja, na bila picha za Mishi nani atajua kwamba humo mlikuwa na uhai? Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma, mwanangu, sina neno. Jina lake likichafuka, utalifua wewe?"

Bi Jalila aliendelea kuchambua mchicha wake kana kwamba tunabishana kuhusu mvua.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani kabla ya kupambazuka, nazunguka, nikipanga hoja mpya za kumkabili Faki. Mlango wao ukafunguka. Alitangulia Bi Jalila, na magoti yake mabovu, amejitanda leso, mkeka kwapani. Mishi akafuata na kamera. Wakashika njia ya makaburini, kwa mwendo wa magoti yale.

Faki alikuwa anatoka msikitini. Walikutana pale njia inapobana. Alimtazama Mishi, akafungua kinywa, lakini aliyekuwa mbele ni dada yake mkubwa, amesimama, anamkazia macho, anangoja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Faki. Tupishe, kunakucha."

Faki akateremka mtaroni, akawapisha.