Jina Nililompa Nzala

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, na saa yenyewe naikumbuka, mwanangu, kwa sababu niliitazama mkononi nikafurahi. Nasikia unatafuta chumba cha kupanga ili ufundishe watoto wadogo Kiingereza cha kujitambulisha. Kazi hiyo niliianza kabla hujazaliwa, hapa hapa Bariadi. Kaa basi unisikilize kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na redio ya betri, maneno kumi kila siku, na sikuruka siku. Ubaya wa kujifundisha mwenyewe ni kwamba hakuna wa kukuambia umekosea. Nilipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, nikakusanya watoto kumi na wanane, wa miaka minne hadi sita. Kila mmoja alipaswa kuzijua sentensi tatu kabla mwezi haujaisha: My name is fulani, I am five years old, I live in Bariadi. Mikono nyuma, kidevu juu, sauti itoke.

Miongoni mwao alikuwamo Nzala, mjukuu wa Mayu Kabula, mama mtu mzima aliyelima choroko ng'ambo ya mto. Nzala kwa Kisukuma ni njaa. Mtoto alizaliwa mwaka ambao mahindi yaliungua shambani, mama yake akafariki wiki ile ile, na bibi akataka mwaka huo usisahaulike. Mimi nikaona jina hilo ni aibu. Aje mgeni wa maana, mtoto asimame mbele yake aseme yeye ni njaa? Nikamwita Grace.

Sasa angalia nilichokuwa nakibomoa. Mtoto wa Kisukuma hufundishwa kujitambulisha kabla hajaweza kufunga kamba za viatu, ikiwa viatu anavyo. Akiulizwa ni wa nani, anataja jina lake, la baba, la babu, kisha kitongoji chao. Siku ya kwanza Nzala aliyasema yote hayo kwa Kisukuma, kwa pumzi moja. Nikamvika mfupa. Ulikuwa kipande cha ubavu wa ng'ombe nilichokitoboa na kukitia kamba. Mtoto aliyesema Kisukuma darasani alikivaa shingoni mpaka mwenzake akosee. Nzala alikivaa siku nne mfululizo. Siku ya tano akawa Grace. Nikamwonya kwamba jina la darasani libaki darasani, maana nilijua bibi yake angekuja kuniuliza.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Mimi nilikuwa nawaachisha asili watoto wa wenzangu, na wazazi wao wananilipa ada.

Turudi kwenye ile siku ya mnada. Asubuhi Mayu Kabula alipita mlangoni kwangu, gunia la choroko kichwani, mtoto amemshika mkono. "Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu. "Leo nakuibia mwanafunzi wako. Anakwenda kutazama mbuzi." Tukacheka, wakaondoka.

Saa nne na dakika kumi nikasikia spika ya mnada. Dalali wa ng'ombe ndiye aliyekuwa akitangaza pia vitu vilivyopotea, na mdomo wake hakuuwekea mlango.

"Jamani! Tuna mtoto hapa amepotea, anamwaga ung'eng'e kama maji! Anaitwa Grace! Watumishi, mtoto wenu huyu! Wenye ng'ombe tulieni na ndama zenu, huyu si wa kwenu!"

Watu wakaangua kicheko hadi nikakisikia kule chumbani. Kilichotokea nilikuja kukijua baadaye. Mwuza vitenge mmoja, Bi Zuhura, alimkuta analia karibu na zizi la mbuzi. Akamuuliza kwa Kisukuma, "Wewe wa nani?" Mtoto akashika shingo yake, kana kwamba mfupa uko pale, akatikisa kichwa. Akaweka mikono nyuma, akainua kidevu, akatoa sentensi zangu tatu. Basi kila mtu akajua huyu ni mtoto wa mtumishi aliyehamishiwa hapa kutoka mkoa mwingine. Mke wa ofisa mmoja akajitolea kumpeleka kwenye nyumba za serikali, asubiriwe mzazi wake. Dalali akalitangaza na hilo.

Mwanangu, mimi nilijua Grace ni nani. Nilijua bibi yake yuko wapi. Kutoka mlangoni kwangu hadi mnadani, kwenye choroko zake, zilikuwa hatua mia tatu. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Niliitazama saa, nikafurahi, nikawaza: mtoto yuko salama, anakunywa soda, na nyumba za serikali zote zinauliza amefundishwa wapi. Nikaketi. Nikaandika vikaratasi vya tangazo kumi na viwili, kwa mkono, kwa rula, herufi zilingane. Nikabadilisha shati. Nilitoka saa sita kamili.

Nilimkuta amekalishwa kwenye kochi, biskuti mkononi, wake wa watumishi wamemzunguka. "Hebu sema tena, Grace!" Anasema. "Tena!" Anasema tena, machozi yamemkaukia mashavuni. Aliponiona hakunikimbilia. Aliinua kidevu. Nikagawa vikaratasi vyangu, nikajibu maswali, nikaandikisha wanafunzi. Ilipofika saa nane ndipo nilipomshika mkono tukaondoka.

Mnadani choroko zilikuwa pale pale, gunia limefunguliwa, hakuna mtu. Dalali akaniambia, safari hii bila spika, "Yule bibi kaja kwangu mapema tu, anatafuta mjukuu. Nikamuuliza, ni Grace? Akasema, wangu ni Nzala. Nikamwambia basi siye."

Mayu Kabula alikuwa ametafuta kwenye mazizi, kisha kwenye magari ya kwenda Lagangabilili, kisha akashuka mtoni. Wakati ule wa kiangazi wanawake walichimba visima kwenye mchanga, na aliogopa mtoto ametumbukia. Alikuwa ameinama kwenye kimoja, akiita, ukingo ukakatika. Nyonga ikavunjika. Ilikuwa yapata saa saba, wakati mimi naeleza ratiba ya masomo.

Jioni nilisimama kando ya kitanda chake hospitalini. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

"Hata mimi nilimsikia huyo Grace kwenye spika," alisema. "Nikasema, Mungu ashukuriwe, heri mama yake huyo, wake amepatikana."

Nikaanza kumweleza juu ya Kiingereza, dunia, maendeleo. Akainua kiganja.

"Mwalimu, jina ulimpa. Na kwao ulimpa? Aliyepotea akiulizwa, anataja mahali pa kurudishwa. Wewe ulimfundisha kutaja mahali pa kupigiwa makofi."

Hakutembea tena. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine, hivyo Nzala akawa miguu ya bibi yake: maji, kuni, kumgeuza kitandani. Darasani kwangu hakurudi, na shule ya msingi aliiacha darasa la pili. Mayu Kabula aliishi miaka tisa baada ya hapo. Leo Nzala anauza mboga karibu na stendi. Nikipita ananisalimu vizuri, "Mwadila, mwalimu," kwa heshima yote, kisha anageukia mchicha wake. Sijawahi kusikia neno la Kiingereza kinywani mwake, hata lile la salamu ambalo kila mwuza karanga analo. Majuto ni mjukuu. Wangu ana kibanda cha mboga, na kila siku hunipa salamu.

Basi fungua darasa lako. Kiingereza hakina kosa, wala sitaki mtoto yeyote wa hapa akose mlango kwa sababu yangu. Ila usimbatize mtoto wa mtu. Sentensi ya kwanza iwe na jina alilopewa kwao, hata kama linakukera. Ya pili amtaje mzazi au mlezi. Ya tatu kitongoji chao, kwa jina lake halisi, hata kama mgeni hakijui. Hakikisha anaweza kuyasema hayo kwa lugha zote alizo nazo, na asiionee hofu hata moja. Mfupa usiutoboe. Na siku utakaposikia wanakusifia mwanafunzi wako mahali asipotakiwa kuwa, acha kalamu mezani, nenda.

Mungu akujalie watoto wengi na jioni ambazo kila mmoja amefika kwao. Akupe pia mtu wa kukuambia umekosea, ukingali na muda wa kukimbia.

Daftari langu la siku ile bado ninalo. Mstari wa mwisho, saa nane mchana, mwandiko umenyooka: watoto wapya wanne, shilingi elfu ishirini.