Kola Bila Shati

Mtu akikaa miaka kumi na miwili akishona kola tu, jina alilopewa na wazazi wake linabaki kuwa la kwenye makaratasi. Kiwandani alikofanya kazi mama huyu, kiwanda cha sare, kila mwanamke aliitwa kwa kipande chake. Anayeshona mifuko ni Mifuko. Anayetoboa matundu ya vifungo ni Vifungo, na alipofiwa na mzazi, orodha ya rambirambi iliandikwa "Baba yake Vifungo" na hakuna aliyeona ajabu. Yeye alikuwa Kola. Nyuma yake, miaka hiyo yote, alikaa Mikono, mwanamke mwenye kicheko kama cha mtu aliyepaliwa, aliyezijua siri zote za Kola na nyingine alizozitunga mwenyewe.

Kiwanda kikafungwa. Hakuna aliyeshangaa sana, maana mishahara ilikuwa imeshaanza kuja ikichechemea. Siku ya mwisho wenzake walipanga foleni kudai haki zao, wakaahidiwa mwezi ujao. Kola hakupanga. Alikwenda moja kwa moja kwa mtunza stoo, akamwambia badala ya mshahara wake wa mwisho apewe cherehani alichokuwa akishonea. Mtunza stoo akakubali upesi, akijua amempata mjinga. Ule mwezi ujao haujafika mpaka leo, na cherehani kipo chumbani kwa Kola. Ahadi haina mpini; mwenye akili hushika kinachoshikika.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, chenye dirisha linalotazama mtaa. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na binti yake wa pekee aliolewa mbali. Binti alipiga simu kila Jumapili, dakika tatu, na moja katika hizo ilikwenda kwenye "unanisikia, mama?" Kola akasogeza kitanda ukutani, akaweka meza dirishani, akaandika kwenye boksi kwa wino mweusi: FUNDI WA NGUO ZOTE.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kiwandani tu angelifanya. Alikuwa ameona mashati maelfu kwa maelfu yakipita, akadhani anajua kushona shati.

Mteja wa kwanza alikuwa karani mmoja, kijana nadhifu, aliyeleta kitambaa cheupe. Kola akakata, akashona siku mbili. Kwenye kola mikono ilikwenda yenyewe. Kwenye mikono ya shati alikwama. Mikono alikuwa amekaa nyuma yake miaka kumi na miwili, naye hakuwahi hata siku moja kugeuka kutazama mwenzake anavyoshona. Aligeuka kwa umbea tu.

Karani akavaa, akainua mkono. Shati lote likapanda naye mpaka kitovu kikachungulia.

"Mama, hii mikono si umeibadilisha, wa kulia kushoto?"

"Inua polepole."

"Nimeinua polepole. Sasa ofisini wakiuliza nani anataka likizo, mimi nitanyooshaje?"

Kola alimrudishia malipo yake na bei ya kitambaa juu, bila kubishana. Mali ikiharibika mkononi mwako ni yako. Lakini ng'ambo ya mtaa palikuwa na fundi wa siku nyingi, jina lake la mtaani Mzee Pima, kwa sababu alikuwa akikutazama tu anakutajia kiuno chako, hata kama hukuuliza. Alikuwa ameona sinema yote. Akavuka barabara, akalichukua lile shati, akaligeuza nje ndani.

"Binti yangu, hili shati limeshonwa na watu wawili," akasema. "Mmoja fundi, mwingine ana ugomvi na karani."

"Cheka tu, mzee."

"Sicheki. Kola umeishona wewe?"

"Mimi."

"Na mikono?"

"Mimi pia."

"Ungenidanganya ningekuamini."

Kila fundi analijua hili ingawa halisemi mbele ya mteja: shati huonekana kwanza kwenye kola, na hufa kwanza kwenye kola. Mzee Pima macho yalikuwa yameanza kufifia, na siku hizi kola zake ncha moja ilitazama mbinguni, nyingine ardhini. Kesho yake asubuhi akaleta kola sita zilizokatwa tayari. Wiki ya pili mafundi wengine wawili wa mtaa wa nyuma nao wakaleta zao, pamoja na mashati ya wateja yaliyolika shingoni, ya kufumuliwa kola na kuigeuza upande usiolika. Kola akalitoa lile boksi dirishani. Alikuwa amepata biashara ambayo hakuna aliyekuwa nayo, tena bila kuitafuta.

Tatizo ni kwamba kola hazina midomo. Mteja wa shati huja kupimwa, huja kujaribu, huja kulalamika. Katikati ya hayo mnajuana mpaka mama wakwe. Kola huletwa kwenye mfuko, hufuatwa kwenye mfuko. "Zimeshaisha?" "Zimeisha." Basi. Alhamisi moja mtu aligonga kuuliza njia wakati wa alasiri, na Kola alipofungua mdomo kumjibu, sauti ikatoka imekauka. Ndipo akatambua kwamba tangu juzi jioni hakuwa amesema neno na mtu yeyote. Kiwandani walikuwa sitini ukumbini, wakipayuka juu ya kelele za vyerehani, na msimamizi akiwafokea kila saa wanyamaze. Sasa hapakuwa na wa kumnyamazisha.

Jumapili hiyo Mikono akaja, amechoka na amechangamka.

"Shoga, kimefunguliwa kiwanda kipya upande wa pili wa mji. Wanataka wazoefu. Majaribio ni Ijumaa. Nimeshakuandikisha, usiniulize."

"Nina kazi, shoga."

"Kazi gani? Kukaa dirishani kama paka?"

Kola akamtandikia hesabu yake yote, maana tangu Alhamisi alikuwa akiipanga kichwani. Hiki chumba. Hiki cherehani. Yeye kola, Mikono mikono, na kukata watamlipa Mzee Pima. Hapo shati zima limekamilika. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Tukiwa wawili tunafungua duka."

Mikono hakucheka. Alitazama meza, kitanda, dirisha.

"Mimi nina watoto wanne, shoga. Nataka siku ninayoijua, tarehe ninayoijua. Biashara yako ikipiga chafya, wangu ndio watakaougua." Akamgusa goti. "Njoo tu. Tutakaa kama zamani."

Kama zamani. Kwa maneno hayo mawili Kola alikwenda Ijumaa, na mwenyewe alijua hivyo. Kwa kola za mafundi watatu alikuwa akipata zaidi kidogo ya mshahara uliotangazwa. Kwa hiyo hakuwa anakwenda kuuza kazi. Alikuwa anakwenda kununua watu, na bei ilikuwa ile tofauti ndogo pamoja na uhuru wake wa kunywa chai saa anayotaka. Aliona si ghali.

Nje ya geti palikuwa na benchi refu, na benchini nusu ya ukumbi wao wa zamani. "Kola huyo!" "Kumbe hujafa!" Vifungo alikuwa amenenepa, Mifuko ameolewa tena na mwanamume waliyekubaliana wote kumchukia. Kwa saa mbili Kola alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na kila aliyeitwa ndani akirudi walimhoji kama mahakamani. Ilipofika zamu yake alipewa vipande kumi na saa ukutani. Akamaliza kabla ya muda, na ncha zote ishirini zikatazamana kama mapacha.

Msimamizi, kijana aliyekunja shati mpaka kwenye viwiko, akazikagua moja moja.

"Mama, wewe umepita. Namba yako mia moja na kumi na nane. Utaanza Jumatatu, zamu ya usiku."

"Mikono yuko zamu gani?"

"Nani?"

"Yule wa kushona mikono, aliyeingia kabla yangu. Mwenye kicheko."

Akatafuta kwenye karatasi. "Tisini na tatu. Mchana."

"Niweke mchana."

"Kola za mchana zimejaa. Wote wazoefu wanataka mchana."

"Nipunguzie mshahara, niweke mchana."

Kijana akainua macho. Labda hakuwahi kuona mtu akipatana kwenda chini. "Haiwezekani, mama. Na huku kila mtu na kibanda chake, na mazungumzo hayaruhusiwi. Ukikaa hapo au pale ni kazi ileile. Nipe jibu kabla ya Jumatatu."

Mikono alimsubiri getini. Aliposikia, alijaribu kulipamba. "Si tutakutana hapahapa? Mimi natoka, wewe unaingia."

"Dakika ngapi?"

"Tano. Kumi, basi likichelewa."

Kola alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, na njia nzima alihesabu kama mtu aliyesimama mbele ya mchuuzi. Kule kuna ukimya wa mshahara mdogo. Huku kuna ukimya wa kola sita, kumi, kumi na tano. Bidhaa aliyoifuata imekwisha dukani, na hakuna mwenye akili anayelipa bei ya kitu kisichokuwepo. Ilibaki sehemu moja ya kuulizia.

Hakupita chumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Pima, ambaye kibarazani kwake kila siku walikaa watu watatu wasio na nguo ya kushona, waliokuja kupiga soga tu.

"Mzee, kiwandani wananitaka Jumatatu."

Mkasi wa Mzee Pima ukasimama katikati ya kitambaa. "Na kola zangu?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nipe kona hapo kibarazani niweke cherehani changu. Nitakushonea kwa bei ileile."

Mzee alitazama kile kibaraza, akatazama mlango wa nyuma ambako mkewe alikuwa akigonganisha masufuria kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Binti yangu, kibaraza kina benchi moja, wazee watatu, na ulimi wa mke wangu. Wewe ukiongezeka, nitakayehama ni mimi."

"Kona ndogo tu."

"Siwezi," akasema, na safari hii bila mzaha. "Niombe kingine."

Kola, kwa kuwa alishakataliwa alichokitaka, akaomba alichoweza kupata. Bei ya kila kola ipande kwa robo. Malipo kila Jumamosi, si "nikilipwa nami nitakulipa". Na mzee amsemee kwa mafundi wa sokoni, kwa kuwa wote aliwafundisha yeye.

"Unaninyonga, mwanangu."

"Nakunyonga kwenye kola, mzee. Ndipo penye shingo."

Wazee watatu wakacheka. Mzee Pima akapunguza robo ikawa theluthi mbili za robo, wakapeana mikono, na Kola akaondoka na kola kumi na nne kwenye mfuko.

Jioni alimpigia Mikono.

"Sitakuja Jumatatu."

Upande wa pili watoto walikuwa wakigombania kitu. "Kweli, shoga? Na kukaa peke yako je? Hutachoka?"

"Nitachoka. Ila nitachoka nikiwa nimelipwa."

"Wewe na ulimi wako. Nitakuja kukuona Jumapili."

"Ukipata nafasi."

"Nikipata nafasi," Mikono akasema, na mtoto mmoja akalia, na simu ikakatika.

Kola aliiacha sikioni kwa muda. Kisha akaiweka mezani, akapitisha uzi kwenye sindano, akaanza na kola ya kwanza, wakati huo mtaani kukiwa bado na mwanga.