Babu Aliyeitwa Mwongo

Wadudu siwapendi, na sitaki mtu anibishie. Nimekulia Kilosa, nimelala na mbu na kuamka na siafu, na hajatokea wa kunishawishi kwamba mdudu ni kitu cha kupamba ukuta. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia katika nyumba ya yule bibi, kaskazini mwa Toronto, nikayaona masanduku ya kioo yamejaa wadudu waliochomwa sindano mgongoni, nusura nigeuze nirudi kituoni kungoja basi. Nilikuwa nimetumwa na wakala nimsaidie kuoga, kula na kumeza dawa, siku nne kwa wiki. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, hata mwaka hatujamaliza katika mtaa wa Flemingdon Park, na kazi haikuwa kitu cha kuchezea.

"Hawaumi," akaniambia toka kwenye kiti chake. "Wamekufa tangu enzi za Malkia Victoria."

Alikuwa na miaka themanini na minane, mwembamba, ana sauti ya mwalimu mkuu. Nilimwita Bibi, kwa sababu mdomo wangu ulikataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kama wanavyofanya huku. Aliuliza maana ya neno hilo, nikamweleza, akaridhika sana, akawaamuru hata wauguzi wamwite hivyo hivyo.

Wadudu walikuwa wa babu yake, mzaa baba. Habari zake nilizipata kijiko kwa kijiko, maana Bibi hakuwa akila uji mpaka asimulie. Babu huyo alikuwa kijana wa Kiingereza, mtoto wa mchungaji, naye alishikwa na wazimu wa wakati ule wa kukusanya viumbe. Wachungaji walikusanya majani, madaktari konokono, wake zao mwani wa baharini. Kijana asiye na urithi wala ukoo mkubwa angeweza kuwa mtu mbele za watu kwa mdudu mmoja tu, mradi awe hajaonwa na mtaalamu mwingine. Basi akapanda meli mpaka Unguja, akavuka hadi Bagamoyo, akajiunga na msafara wa wafanyabiashara waliokuwa wakielekea bara.

Mchana kutwa alitembea na wavu, wapagazi wakimcheka, mwanamume mzima anakimbiza vipepeo. Jioni wenzake walipojinyoosha, yeye aliketi juu ya sanduku akichoma sindano na kukata vipande vya karatasi vidogo kuliko ukucha. Juu ya kila kipande aliandika siku na mahali. "Mahali hasa," alisema Bibi. "Mdudu asiye na mahali ni takataka." Homa ilimlaza mara tatu. Siafu walimmalizia sanduku zima. Na ile pombe kali aliyochukua ya kuhifadhia mijusi ilinywewa njiani, asijue na nani. Mimi nilicheka, maana jibu nilikuwa nalo: na wote.

Nilijikuta namhurumia, lakini ulimi wangu haujui kukaa kimya. "Na hayo masanduku, Bibi, aliyabeba nani?"

Akaniomba nimletee daftari la babu yake, akalipekua mwenyewe kurasa nyingi akitafuta majina ya wapagazi. Alipata matatu. "Una haki ya kuuliza," akasema, na siku ile alimaliza uji bila hadithi.

Kisa chenyewe kilikuwa juu ya mbawakawa mmoja, dume mwenye pembe, kijani kama chupa ya bia. Babu alirudi Uingereza akawapelekea wataalamu wa London mdudu huyo. Wakatafuta jina la mahali lililokuwa kwenye kikaratasi chake katika ramani zao zote, hawakuliona. Wakaamua kwamba kijana alimnunua mdudu kwa mchuuzi wa Unguja, akatunga mahali ili ajikweze. Wakaandika katika jarida la chama chao kwamba si mtu wa kuaminiwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hakuandika tena kuhusu wadudu. Alihamia Toronto, akauza misumari na rangi mpaka akafa.

"Nilikuwa nikikaa magotini pake," Bibi alisema. "Nikimuuliza, babu, mahali hapo papo kweli? Ananijibu, papo. Hasemi zaidi."

Mahali penyewe Bibi alipaita "Hyukombel". Alikuwa na ramani za Tanzania na kioo cha kukuzia, na alipojua nimetoka kule hakunipa nafasi ya kupumua. Umewahi kusikia Hyukombel? Sijasikia, Bibi. Mara kumi, mara ishirini. Hakutaka mdudu apewe heshima, wala babu ajengewe sanamu. Alitaka kujua kabla hajafumba macho kama yule mzee aliyempakata alikuwa mwongo. Binti yake, ambaye alikuja kila Jumamosi kwa gari kutoka Markham na hakuwahi kuvua koti, alikwisha kata shauri zamani. "Mama, alidanganya. Watu hudanganya. Tusianze tena habari za wadudu."

Siku moja ya Machi, theluji imegeuka tope, Bibi aliniomba nishushe sanduku la yule wa kijani nikafute kioo. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa sijamsogelea. Nikavaa miwani, nikainama. Chini ya mdudu palikuwa na kile kikaratasi, maandishi membamba, na kwa mara ya kwanza sikulisikia jina lile katika kinywa cha Bibi, nililisoma mwenyewe, herufi kwa herufi kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Hukombele.

Huko mbele.

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Nikakigeuza kikohozi. Bibi, maskini, akanisogezea maji yake.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, akapiga meza kwa kiganja. "Mzungu kauliza wapi, jamaa ana mzigo kichwani, kachoka, kamjibu huko mbele. Naye akaandika!" Alicheka mpaka chai ikampalia. Kisha akawa mtu mzima. "Usimwambie, mke wangu. Ukimwambia mahali hapo hapapo, utamuua mama wa watu."

"Mama, you have to tell her," binti yetu akasema kutoka kwenye kochi, kwamba ni lazima nimwambie.

"Wewe kwanza jibu kwa Kiswahili," baba yake akamkata.

Nilikaa na jambo lile wiki nzima, na kadiri nilivyokaa nalo ndivyo nilivyopandwa na hasira. Mabwana wa London walikuwa na ramani za kutandika nyumba nzima. Hakuna aliyefikiri kumuuliza mtu mmoja anayezungumza lugha ile. Mpishi yeyote wa Bagamoyo angelimaliza neno lile chai haijapoa. Kijana wa watu akafungiwa mlango, na baada yake mjukuu akatumia macho yake yote kwenye ramani. Lakini pia niliogopa. Nikisema mahali hapapo, si nitakuwa nimempa binti yule ushindi?

Jumatatu nilimwomba Bibi anisomee ukurasa wa siku aliyopatikana mbawakawa. Alisoma taratibu na kioo chake. Msafara ulisimama njiani, babu ameandika, kambi bado, kwa sababu mpagazi mmoja ameugua. Pana mto na mawe meusi. Nimemwona wa kijani juu ya gogo. Nimemuuliza mkuu wa wapagazi, "Wapi?", kama niulizavyo kila jioni. Amenyoosha mkono akasema, "Hukombele."

Hapo wasiwasi ukaniisha. Nikavuta kiti.

"Bibi, hakuna mahali panapoitwa hivyo."

Mkono wake ukatoka juu ya daftari. "Basi alidanganya."

"Hakudanganya. Nisikilize. Haya ni maneno mawili. Huko mbele. Msafara ulikuwa haujafika kambini. Yeye ameuliza wapi, neno moja tu, akitaka jina la hapo walipo, na yule bwana akadhani anaulizwa kambi iko wapi. Akamjibu vizuri kabisa. Na babu yako akaandika alichoambiwa, hakupunguza hata herufi."

Akasema polepole, "Kwa hiyo alikuwa mjinga."

"Alikuwa hajui Kiswahili, Bibi. Hata wewe hukijui."

Akacheka. Alicheka, akalia, akacheka tena, na mimi nililia pamoja naye, sioni haya kusema. "Mjinga namuweza," akasema akijifuta. "Mjinga nitampenda tu." Halafu akataka kujua Waswahili wanasemaje mtu asipodanganya. Nikamfundisha: hakusema uongo. Akalifanyia mazoezi kila asubuhi na uji, na kila asubuhi alilikosea.

Jumamosi alijaribu kumweleza binti yake. Binti akamwambia, "Mama, tafadhali," akaangalia saa. Haikuwa nafasi yangu kuingilia, nikaenda kuosha vyombo kwa kelele.

Bibi alifariki hospitali miezi minane baadaye, na mimi sikuwapo. Wiki moja baada ya mazishi binti yake alinipigia simu, akaniomba nifike nyumbani. Nilipofika, masanduku ya wadudu yalikuwa yamepangwa nje ukingoni mwa barabara pamoja na mazulia mabovu, yakingoja lori la taka. Nilipita kando yake nikiuma meno.

Ndani hapakuwa na viti. Alitoa bahasha mkobani. "Siku mbili za mwisho alikuwa akirudia kitu hiki hiki," akasema. "Daktari alisema anaweweseka. Nimeandika nilivyosikia. Nimefikiri labda wewe utajua."

Nikavaa miwani. Ameandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa: AKASEMA WONGO.

"Ni Kiswahili," nikamwambia, "ila kimekosewa. Hivi ulivyoandika ni 'alisema uongo'. Alichokuwa anasema mama yako ni kwamba hakusema uongo."

"Nani hakusema uongo?"

Nikamweleza yote, tumesimama pale pale sebuleni: wapi, mpagazi mgonjwa, mkono ulionyooshwa. Hakuangalia saa. Nilipomaliza alibaki ameikazia macho bahasha yake mwenyewe, kwenye yale maneno aliyoyaandika kwa uaminifu wote. Kisha akavua koti, akaliacha sakafuni, akatoka nje na baridi ile, akaanza kurudisha masanduku ndani, moja moja. Mimi nilimshikia mlango.