Ukurasa wa Wairimu Haukuwa Mtupu

Kosa ni langu. Naliandika hilo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa mistari miwili tu ya utangulizi nitakuwa nimeshampata mtu mwingine wa kulaumu. Jina naomba nibaki nalo mwenyewe. Watakaonitambua pale Thika watanitambua, na itakuwa haki yangu.

Mimi ni mwanamke wa Majengo, na miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo pale mjini. Tulikuwa wawili, mimi na mwalimu mwenzangu aliyeitwa Mwaura. Mwaura alikuwa mtu wa polepole. Aliandika kila kitu kwenye kitabu, alikunywa chai ikiwa imepoa, na ukimwuliza swali leo alikujibu kesho. Mimi ni moto wa mabua. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika maabara ile, na nilitaka kila mtu ajue kwamba naweza, tena haraka.

Siku moja akaja Matron wa nyumba ya watoto kule Ruiru, na kompyuta kuukuu imefungwa kwa leso. Diski ya kompyuta hiyo ilikuwa imeanza kukwaruza. Ndani yake mlikuwa na habari za kila mtoto aliyepitia mikononi mwake: nani alimleta, kutoka wapi, alikuwa amevaa nini, alikuja na jina gani. Makaratasi ya zamani yalikuwa yameliwa na mchwa kwenye stoo. Na programu yenyewe iliandikwa na mfadhili mmoja aliyesharudi kwao, nayo haikukubali kufanya kazi kwenye kompyuta nyingine isipokuwa za aina ile ile.

Matron akatueleza desturi yao. Mtoto akifika umri wa kuondoka, anavaa nguo nzuri, anaketi naye, na anasomewa ukurasa wake. Kabla ya siku hiyo hauoni.

"Hiyo ndiyo zawadi yetu ya mwisho," alisema. "Sisi hatuna shamba ya kuwagawia."

Sasa nikueleze tulichofanya, na usiogope, si kigumu. Tuliichukua diski ile nzima, na kila kilichokuwa ndani yake, tukaitengenezea nakala moja kubwa. Sisi tuliiita imeji. Imeji ikakaa kwenye kompyuta kubwa ya chuo. Halafu tukaandika programu ya kuifanya kompyuta mpya ijifanye ni ile kuukuu ya Ruiru. Ndani ya skrini inawaka kompyuta nyingine, ya uongo, nayo haijui kwamba ni ya uongo. Ikitaka kusoma diski yake, programu yetu inaivutia kipande inachokitaka kutoka kwenye imeji, kupitia waya, kimoja baada ya kingine. Kompyuta za darasani zilikuwa na diski ndogo, zisingeweza kubeba imeji yote, kwa hivyo tuliichota kidogo kidogo kwa kadiri ilivyohitajika.

Ilifanya kazi, halafu ikawa inaganda. Kuna vipande vilivyochelewa njiani, na kompyuta ya uongo ikabaki inangoja hadi tuizime. Tulihangaika na kosa hilo wiki nyingi. Mimi nilikuwa na ukurasa mmoja wa kupimia, ulioandikwa mwishoni kabisa mwa diski, ambao ulivuta vipande vingi kuliko kurasa nyingine. Nilikuwa naufungua na kuangalia kama umefika wote. Ukifika naweka alama, ukiganda narudi kwenye programu. Niliufungua mara nyingi hata kidole kikauzoea.

Mwaura aliniambia, "Dada, tukijua kwa nini hivyo vipande vinachelewa, tutakuwa tumemaliza. Lakini tusikimbie."

Alikuwa na sharti moja. Ile programu ya Ruiru haikuwaka bila ruhusa ya kuandika kwenye diski, kwa hivyo imeji yetu ilikuwa wazi kuharibiwa. Ndiyo sababu Mwaura akataka tuwe na nakala ya pili, pembeni, kwenye disketi, kabla mtu yeyote hajaigusa ile diski ya asili. Aliyeifanya angesaini kwenye kitabu. Kazi hiyo alinipa mimi.

Disketi zilikuwa kama thelathini. Unaingiza moja, unangoja, unatoa, unaandika lebo, unaingiza nyingine. Niliiona ni kazi ya karani, nami nilikuwa na akili ya mambo makubwa. Nikasaini kwamba nakala ya pili ipo, nikijiambia nitaifanya baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula sikuifanya. Kesho yake pia sikuifanya, na siku ya tatu nilikuwa nimeshaanza kuamini saini yangu mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo Principal akatuambia kuna wageni Ijumaa, wanataka kuiona programu. Mwaura alikuwa ameenda matangani Gatundu. Nikabaki peke yangu na programu inayoganda.

Alhamisi mchana nikaandika mistari mitatu. Ilisema hivi: kipande kikichelewa usikingoje, weka sufuri mahali pake, uendelee. Kuganda kukaisha pale pale; niliufungua ukurasa wangu wa kupimia mara kadhaa, haukuganda, na sikuangalia zaidi ya hapo. Ijumaa wageni walipiga makofi, na Principal akanipa mkono mbele yao.

Mwaura aliporudi akaniuliza, "Hiyo shida uliipataje?"

"Ilikuwa waya," nikamjibu.

Akafungua kitabu, akaona saini yangu, akaamini. Diski ya asili tukawapa wanafunzi waifungue wajifunze yaliyomo ndani. Nakumbuka jinsi walivyopokezana visahani vyake na kujitazama usoni, maana vilikuwa vinang'aa. Nami nilicheka pamoja nao.

Miezi ikapita. Watoto wawili watatu wakaletwa chuoni kusomewa, na kurasa zao zikafunguka vizuri. Halafu Matron akaja na Wairimu.

Wairimu alikuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa amesuka nywele siku ile ile, na gauni alilovaa alilishona mwenyewe kwa cherehani ya pale kwao. Aliketi mbele ya skrini na mikono mapajani. Matron akaniambia namba ya ukurasa, nami nikaiandika. Vidole vyangu viliijua namba ile kabla ya akili. Ulikuwa ukurasa wangu wa kupimia.

Ukafunguka mara moja bila kuganda. Juu palikuwa na namba, na chini yake hapakuwa na kitu.

Nikaufunga, nikaufungua tena. Nikajaribu kompyuta nyingine. Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa yote. Vipande vilivyochelewa nilivijaza sufuri. Programu ya Ruiru iliziona sufuri zile, ikadhani faili lake limeumia, ikajirekebisha kwa kuandika utupu juu ya maneno. Na programu yetu, kwa utiifu wake wote, ikaurudisha utupu huo kwenye imeji. Kadiri nilivyoufungua ukurasa ule kuupima, ndivyo nilivyoufuta.

"Madam," Wairimu akasema, "yangu iko wapi?"

Hapo ndipo nilipotenda dhambi yangu kubwa. Yale ya kwanza ningeweza kuyaita uzembe. Nilimtazama mtoto wa watu machoni, nikamwambia, "Huenda hakuna kitu kilichoandikwa. Wakati mwingine mtoto huletwa hivi hivi tu."

Matron akageuka. Akasema hakumbuki, kwamba Wairimu aliletwa kabla yeye hajaanza kazi pale. Wairimu hakulia. Alisema, "Sawa," akasimama, akalinyoosha gauni lake mbele kwa viganja, akanishukuru. Alinishukuru mimi.

Walipoondoka Mwaura akaja. Alikuwa amesikia. "Dada, zile disketi uliweka wapi?"

Principal alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Si nilikupa wewe?"

Mwaura alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na ningefurahi kama ningeiona. Nadhani alikuwa anangoja nijirekebishe. Sikujirekebisha, naye si mtu wa kupiga kelele, na kazi yote iliandikwa kwa jina lake. Mwisho wa mwezi hakuwepo chuoni. Nimesikia analima kwao Gatundu na kompyuta hataki hata kuiona. Nimemwandikia mara mbili, hajajibu, na sina wa kumlaumu.

Mimi nilibaki na cheo chake. Nilikaa nacho muhula mmoja. Kila nilipowaambia wanafunzi watafute kosa kwa subira, niliishia kuwapa kazi ya kuandika na kutoka nje. Mwishowe nikaacha, nikaenda kukaa katika duka la vitambaa la shangazi yangu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilifika mwisho wake nikaambiwa niendelee kuishi papo hapo.

Mwaka jana Wairimu akaingia dukani kununua bitana. Amekuwa fundi wa nguo Ruiru. Mimi nilimjua alipokuwa bado mlangoni, nikainama chini ya kaunta nikijifanya natafuta mkasi.

"Madam wa kompyuta," akasema. "Si ni wewe? Habari ya siku mingi."

Tukazungumza. Aliniambia kulikuwa na kijana wa Juja aliyetaka kumwoa. Watu wa kijana wakauliza pombe ya ruracio, ile ya mahari, waipeleke kwa nani.

"Nikawaambia ukweli," akasema. "Nikawaambia mimi nilikuja bila kuandikwa. Hata mtu wa kusema nimetupwa wapi hakukuwa. Wakasema watarudi. Hawajarudi." Alikuwa anapima bitana kwa mkono huku akisema, kama mtu anayesimulia habari za jirani. "Siwalaumu. Mtu unaoa kutoka mahali."

Nikashindwa. Nikamketisha kwenye kiti cha shangazi, nikamwambia yote. Mistari mitatu, disketi, sufuri, Mwaura. Nilijitayarisha kupigwa. Nilitaka kupigwa.

Yeye hakuuliza juu ya kompyuta hata neno. Aliuliza, "Kwa hivyo iliandikwa?"

"Iliandikwa."

"Ilikuwa fupi?"

"Ilikuwa ndefu, Wairimu. Ilijaza skrini yote, ikaendelea ya pili. Ilikuwa ndefu kuliko ya mtu mwingine yeyote."

Akaweka kitambaa chini. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi akijua kwamba hakuna aliyejisumbua kusema neno juu yake, na ni mimi niliyemfundisha hivyo. Akalia sasa, kwa sauti, na mteja mmoja akatoka nje kwa heshima. Mimi pia nililia, ingawa sikuwa na haki.

Alipotulia akauliza, "Ilisema nini?"

Na sasa nisikilize vizuri, wewe unayeisoma siri yangu. Nilikuwa nimeufungua ukurasa ule siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, na sikujua unasema nini. Nilikuwa naangalia kama umefika. Sikuwa nasoma. Mtu fulani aliketi akaandika skrini mbili juu ya mtoto mmoja, na mimi, mtu wa mwisho duniani aliyeyaona maneno hayo, niliyaona kama alama za kuwekea tiki.

"Hata neno moja, madam? Moja tu."

Nilifumba macho nikatafuta. Na nikasema, "Witeithie. Kulikuwa na jina la mahali, Witeithie."

Akalirudia mara tatu kwa sauti ya chini. Akanikumbatia, akaondoka bila bitana yake.

Ungamo langu lingeishia hapo kama ningekuwa mtu mwema. Lakini sina hakika na neno lile. Niliona kurasa nyingi, za watoto wengi, na mojawapo ilitaja Witeithie. Huenda ilikuwa ya Wairimu. Huenda ni ya mtoto mwingine kabisa. Aliponitazama vile sikuweza kumwachia pengo, nikamtilia kitu ndani yake ili asingoje.

Wairimu amehamia Witeithie. Amekodi chumba, cherehani yake iko barazani. Kila Jumapili huenda kanisa tofauti, na wageni wanapoombwa wasimame, yeye husimama, husema jina lake na mwaka aliozaliwa, halafu hubaki amesimama kidogo baada ya wengine kuketi, akitazama akina mama wa umri wa kuwa mama yake. Aliniambia mwenyewe, kwa furaha, alipopita dukani mara ya mwisho. Alininunulia ndizi.

Mwenzangu, kama kazi yako ni kushika mambo ya watu, yawe kwenye kompyuta au kwenye daftari, kisichokuwepo useme hakipo. Mtu ataumia, ndiyo, lakini ataumia kwa kitu cha kweli na atajua pa kuanzia. Usisaini kazi ya kesho. Na ukimwona mwenzako anakwenda polepole, huenda yeye ndiye anayesoma.

Jumapili hii naenda Witeithie kumwambia kwamba sina hakika. Makanisa ya pale ni mengi, na sijui safari hii atakuwa amesimama katika lipi.