Kuangalia Mara ya Pili

Juzi mlinzi mwenzangu, mgeni kazini, alinikabidhi bastola mwisho wa zamu. Alikuwa ameshanionyesha kuwa haina risasi, nami nikachungulia tena. Akanuna. Sikumlaumu. Nilimshukuru Papa, baba yangu, kimoyomoyo.

Nilipokuwa mtoto, Papa alikuwa akifanya kazi ya kusafisha bastola kwa fundi mmoja wa silaha kule mtaa wa Rosettenville, na chumba chao cha kazi kilinukia mafuta kama cherehani ya Mama. Alasiri moja mzee Mreno alikuja kuchukua ya kwake, ya chuma kitupu, imechakaa kwenye kingo. Aliipima kiganjani akitabasamu.

"Hizi za plastiki zinaruka mkononi ukifyatua," alisema. "Hii uzito wake unaituliza."

Papa alikuwa ameifungua mbele ya macho yake kumwonyesha kuwa haina risasi, lakini mzee akachungulia hata hivyo. Niliumia. Nilidhani anamwona Papa mwongo.

Kisha mzee akakubali niishike kidogo. Papa akaifungua tena, akanipa. Niliipokea bila kuangalia, makusudi, mzee aone mtoto anavyomheshimu baba yake.

Papa akaichukua mikononi mwangu.

"Angalia kwanza."

"Nakuamini, Papa."

"Najua. Lakini siku moja nitasahau, mtoto wangu. Angalia."

Nikachungulia. Ilikuwa tupu, kama alivyosema.